Asiyekubali Kushindwa

Methali isemayo "Asiyekubali kushindwa si mshindani" hufundishwa katika shule zetu tangu madarasa ya chini, na aghalabu maelezo yake huwa mafupi: aliyeshindwa asinune, ampe mwenzake mkono, aende zake kwa amani. Maelezo hayo hayana ubaya. Walakini, tuonavyo sisi, yameifanya methali yenyewe kuwa nyepesi kuliko ilivyo. Kukubali kuna nyakati mbili. Kuna kukubali kunakokuja baada ya mchezo kwisha, na kuna kukubali kunakokuja kabla mchezo haujaanza, pale mtu anapoingia uwanjani hali moyoni mwake amekwisha kusalimu amri. Kule kwa kwanza ni uungwana. Huku kwa pili ni kujinyima haki ya kushindana. Mwanafunzi asiyetenganishiwa mambo haya mawili aweza kuikariri methali kwa miaka saba, kisha akaondoka shuleni akidhani kwamba amehimizwa kuwa mnyonge.

Kwa muda mrefu tumemtafuta mtu mmoja ambaye maisha yake yangetosha kuipambanua methali hii, na tulimpata mbali na kwetu, tena katika mchezo ambao wengi wa wasomaji wetu hawajapata kuutazama. Mtu huyo ni Bob Gibson, Mmarekani Mweusi, aliyekuwa mtupaji wa timu ya besiboli ya St. Louis Cardinals tangu mwaka 1959 hadi 1975. Walioshindana naye walimtaja kuwa mmoja wa watu wakali kupita wote waliopata kushika mpira ule.

Huenda msomaji akauliza: mwalimu wa Kiswahili wa Uganda ana lipi na besiboli? Analo. Mchezo huu sasa unachezwa hapa kwetu. Mwaka 2011 timu ya watoto ya Kampala ilijipatia haki ya kwenda Marekani kwenye mashindano ya dunia ya Little League, lakini ikakosa viza. Mwaka uliofuata, 2012, watoto wa Lugazi walifika Williamsport, katika jimbo la Pennsylvania, wakawa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza katika mashindano hayo. Wanafunzi wakatuuliza darasani: vitu hivi vyaitwaje kwa Kiswahili? Tulianza kutafuta majina kwa ajili yao, na majina hayo ndiyo yaliyotufikisha kwa Gibson, kwa kuwa haiwezekani kuuliza habari za mtupaji ni nani bila kuambiwa habari zake.

Basi tuueleze mchezo kwa maneno yetu wenyewe. Timu ni mbili, kila moja ina watu tisa, nazo hupokezana zamu tisa za kupiga. Mpigaji husimama na gongo lake. Mbele yake, umbali wa mita 18 na kidogo, yupo mtupaji, amesimama juu ya mwinuko mdogo wa udongo ambao wanafunzi wetu, bila kuambiwa na mtu, waliuita kichuguu. Nyuma ya mpigaji amechutama mdakaji, ambaye kwa ishara za vidole humshauri mtupaji ni mtupo gani utakaofaa. Mpira wenyewe ni mgumu, uzito wake hauzidi gramu 150, na mtupaji hodari huutupa kwa kasi ipatayo kilomita 150 kwa saa, hata mpigaji hapati nusu ya sekunde ya kuamua. Mpigaji akiupata vizuri, hukimbia kukizunguka kiwanja kituo kwa kituo, na akirudi alipoanzia timu yake hupata mkimbio mmoja. Akiukosa mara tatu, au akiuacha upite mahali palipo halali, hutolewa. Na hapo tunasema kwamba mtupaji amemkosesha. Kwa hiyo, japokuwa wachezaji ni wengi, mchezo huu kwa kweli ni ugomvi wa watu wawili unaoanzwa upya kila baada ya sekunde chache, na mmoja wao yupo juu ya kichuguu, peke yake, akitazamwa na kila mtu.

Gibson alizaliwa tarehe 9 Novemba 1935 katika mji wa Omaha, jimbo la Nebraska, akiwa kitinda mimba katika watoto saba. Baba yake alikuwa amekwisha kufariki kwa kifua kikuu miezi michache kabla hajazaliwa, na mama yake aliwalea kwa kazi ya udobi. Mtoto mwenyewe alikuwa dhaifu: alipata matege, alipata pumu, akapata homa ya mapafu iliyokaribia kumwua. Inasimuliwa kwamba alipolazwa hospitali, kaka yake mkubwa, Leroy, ambaye watu walimwita Josh, alimwahidi kwamba akipona atamnunulia glavu ya kudakia mpira. Josh alimzidi umri kwa miaka 15. Ndiye aliyekuwa baba, na ndiye aliyekuwa mwalimu. Aliwakusanya watoto wa mtaa, akawafundisha besiboli na mpira wa kikapu, wala hakumpendelea mdogo wake. Bali yasemekana kwamba huyo ndiye aliyefanyizwa mazoezi kwa ukali kuliko wote. Twaomba walimu wenzetu wamkumbuke Josh, maana tutamrejea.

Alipomaliza shule ya sekondari, mwalimu wake wa mpira wa kikapu alimwombea nafasi katika Chuo Kikuu cha Indiana. Jibu lililorudi lilikuwa kwamba idadi ya Weusi waliokusudiwa kuchukuliwa ilikuwa imekwisha kutimia. Hakuambiwa kuwa hajui kucheza, wala hakuambiwa kuwa alama zake ni haba. Aliambiwa kuwa nafasi ya watu wa namna yake imejaa. Akaenda Chuo Kikuu cha Creighton, mjini kwao Omaha, akawa Mweusi wa kwanza kupewa huko msaada wa masomo kwa ajili ya mpira wa kikapu. Mwaka 1957 alitia sahihi mkataba na Cardinals, na kwa miezi kadhaa akacheza pia katika kikosi mashuhuri cha mpira wa kikapu, Harlem Globetrotters. Katika siku zake za mwanzo na Cardinals, timu ilipokwenda Florida kwa mazoezi ya kabla ya msimu, wachezaji Weupe walilala hotelini, na Weusi wakapelekwa kulala katika nyumba za watu upande wao wa mji. Mambo hayo hayakubadilika katika timu ile hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, baada ya wachezaji Weusi wenyewe, akiwamo Bill White, kuyasema hadharani.

Meneja wake wa kwanza katika ligi kuu, Solly Hemus, hakumwamini. Gibson na mwenzake Curt Flood walisimulia baadaye kwamba meneja huyo aliwaambia hawatafaulu katika ligi ile, na kwamba mbele ya mdakaji humweleza Gibson kama mtu asiye na akili ya kuupanga mchezo. Wasomaji wetu wanaijua hali hiyo. Mtoto anayeambiwa kila asubuhi kwamba somo hili haliwezi, ama huliacha somo, ama humkanusha aliyesema. Gibson alikaa kimya, akaingoja siku yake. Mwezi wa Julai 1961 Hemus aliondolewa, akaja Johnny Keane, ambaye siku ile ile ya kwanza alimkabidhi Gibson mpira na kumwambia kuwa yeye ndiye atakayeanza.

Matunda ya imani hiyo yalionekana mwezi wa Oktoba 1964, katika mashindano ya mwisho ya kutafuta bingwa, Cardinals walipokutana na New York Yankees. Ushindi ulikuwa kwa atakayetangulia kushinda michezo minne. Gibson alishindwa katika mchezo wa pili, akashinda katika wa tano uliokwenda zamu kumi, kisha akarudishwa kichuguuni katika mchezo wa saba baada ya kupumzika siku mbili tu. Katika zamu ya tisa mkono ulikuwa umechoka, na Yankees wawili wakaupiga mpira ukatoka nje ya kiwanja. Kila mtu alitazamia meneja amwondoe. Keane hakumwondoa, na Gibson akamaliza kazi, Cardinals wakashinda kwa mikimbio 7 kwa 5. Baada ya mchezo waandishi walimwuliza Keane kwa nini alimwacha, naye akajibu kwa maana ya kwamba alikuwa ameufungamania moyo wa mtu yule. Hatujui sifa kubwa zaidi ambayo mwalimu aweza kumpa mwanafunzi wake.

Tarehe 15 Julai 1967 Roberto Clemente, mpigaji wa Pittsburgh, aliupiga mpira moja kwa moja ukampata Gibson mguuni na kuutia ufa mfupa wa muundi. Gibson aliinuka, akapuliziwa dawa ya ganzi, akarudi kichuguuni. Aliwatupia wapigaji watatu zaidi, na hapo ndipo mfupa ulipokatika kabisa akaanguka. Mwezi wa Septemba akarejea. Mwezi wa Oktoba, dhidi ya Boston Red Sox, alitupa katika michezo mitatu, akashinda yote mitatu, na katika mchezo wa saba yeye mwenyewe akaupiga mpira ukatoka nje ya kiwanja. Hatuusimulii mkasa huo ili kuwafundisha watoto wacheze na mifupa iliyovunjika. Daktari yeyote angemkataza, na angekuwa na haki. Twausimulia kwa kuwa waonyesha jinsi mtu huyu alivyoichukulia kazi yake: mpira ukiwa mkononi, mchezo ulikuwa haujaisha.

Ndipo ukaja mwaka 1968. Watu wa mchezo huu huhesabu ni mikimbio mingapi mtupaji anawaachia wapinzani kwa wastani wa kila zamu tisa, na mtu akiachia miwili na nusu huhesabiwa kuwa hodari sana. Mwaka ule wastani wa Gibson ulikuwa 1.12, na tangu wakati huo hadi leo hakuna mtupaji wa ligi kuu aliyeimaliza kazi ya msimu kamili kwa wastani mdogo kuliko huo. Kati ya michezo 34 aliyoianza, aliimaliza mwenyewe 28, na katika 13 wapinzani hawakupata hata mkimbio mmoja. Hata hivyo alishindwa mara tisa mwaka huo, kwa sababu mtupaji aweza kuwazuia wapinzani lakini hawezi peke yake kuifungia timu yake.

Tarehe 2 Oktoba 1968, katika mchezo wa kwanza wa kutafuta bingwa, dhidi ya Detroit Tigers, aliwakosesha wapigaji 17. Rekodi ya awali ilikuwa 15, iliyowekwa na Sandy Koufax mwaka 1963. Alipofika wa 15, uwanja mzima wa St. Louis ukasimama na kushangilia. Mdakaji wake, Tim McCarver, akausimamisha mchezo, akamwelekezea kidole ubao wa matokeo ili aone alilolitenda. Gibson, asiyejua kelele zile zatoka wapi, akamtaka arudishe mpira upesi. Hakutaka kusifiwa katikati ya kazi. Kisha akawakosesha wawili waliobaki kufikia 17, na rekodi hiyo ingali imesimama.

Lakini mashindano yale hayakuishia hapo, na hapa ndipo methali yetu inapopimwa. Mchezo wa saba ulichezwa tarehe 10 Oktoba. Hadi zamu ya saba hakuna timu iliyopata mkimbio. Gibson alikuwa amekwisha kuwatoa wawili katika zamu hiyo, akabakiza mmoja, lakini Detroit walikuwa na watu wawili vituoni. Mpigaji Jim Northrup akaupiga mpira kuelekea katikati ya kiwanja, alipokuwa Curt Flood, mmoja wa walinzi bora wa wakati wake. Flood akapiga hatua mbele, akatambua kuwa mpira unakwenda nyuma yake, akageuka, akateleza. Mpira ukampita. Watu wawili wakaingia, na mara akaingia wa tatu. Detroit walishinda kwa mikimbio 4 kwa 1, wakautwaa ubingwa.

Waliporudi kwenye benchi Flood alimwendea Gibson akataka kujilaumu. Gibson alimkatiza, akamwambia kwamba hakuna wa kulaumiwa. Wala baadaye, kwa miaka yote aliyoishi, hakuutumia mpira ule kujitetea. Alisema kuwa Northrup aliupiga vizuri. Mtu ambaye hakuvumilia kupoteza mtupo mmoja alipopoteza jambo kubwa kuliko yote aliyoyataka mwaka ule, hakumtafuta mwenziwe wa kumtwika. Huko ndiko kukubali kushindwa tunakokusudia. Kulikuja baada ya mchezo, na kulikuja kutoka kwa mtu ambaye kabla ya mchezo hakuwa amekubali lolote.

Likatokea na jambo jingine. Mwaka 1968 watupaji kwa jumla, si Gibson peke yake, waliwazidi nguvu wapigaji, hata wenye ligi wakaona mchezo unapoteza watazamaji. Mwaka 1969 wakabadili sheria: kichuguu kilipunguzwa kutoka urefu wa sentimita 38 hivi hadi 25, na lile eneo ambalo mpira ukipita huhesabiwa halali likapunguzwa nalo. Ni mara chache mtu huwa hodari kiasi cha kusawazishiwa ardhi anayosimama. Gibson hakufurahi, lakini hakuketi kulalamika. Mwaka huo wa 1969 alishinda michezo 20, na mwaka 1970 akashinda 23 na kupewa kwa mara ya pili tuzo ya Cy Young, ambayo hupewa mtupaji bora. Tukiyatafakari hayo twakumbuka jinsi wanafunzi wetu wanavyobadilishiwa mitaala na namna za mitihani katikati ya safari. Kunung'unika ni haki yao. Lakini mtihani utafanywa vile vile, nao wataingia.

Sasa tuseme juu ya ukali wake, maana wapo wanaodai kwamba mtu huyu hafai kuwa mfano kwa watoto. Ni kweli kwamba hakuzungumza na wapinzani. Bill White alikuwa rafiki yake mkubwa katika Cardinals. Alipohamishiwa Philadelphia na kumkabili, Gibson alimtupia mpira uliompiga mkononi. Mwaka 1965, katika mchezo wa nyota wa ligi zote mbili, Joe Torre, aliyekuwa mdakaji wake kwa siku hiyo tu, alimsogelea kichuguuni kumpa ushauri, naye hakumjibu. Baada ya mchezo Torre akampongeza, na hata hapo hakupata neno. Na McCarver alisimulia mara nyingi kwamba alipokwenda kichuguuni alifukuzwa arudi mahali pake. Hatusemi kwamba yote hayo yalikuwa mazuri. Mpira wa kasi ile si kitu cha kumtishia mtu, na sisi tusingependa watoto wa Lugazi waige mtupo uliompata White.

Lakini yafaa tuutazame ukali huo kwa makini kabla hatujauhukumu. Wapigaji wengi walisimulia juu ya jicho lake, lile jicho kali alilowakazia kutoka kichuguuni, hata magoti yakawalegea. Gibson mwenyewe alieleza sababu: alikuwa haoni vizuri mbali, huvaa miwani nje ya mchezo, na alikuwa akikaza macho ili aone ishara za vidole vya mdakaji. Watu walisoma hasira mahali palipokuwa na macho dhaifu. Nasi twajiuliza, je, mtupaji Mweupe mwenye macho kama yale angesifiwa kwa hasira, au angesifiwa kwa umakini? Katika Marekani ya miaka ya 1960 uso wa mtu Mweusi asiyecheka ulisomwa kwa haraka, na Gibson alilalamika mara kwa mara kwamba waandishi walimfanya kuwa zimwi. Naye Torre, yule ambaye hakujibiwa, alihamia Cardinals mwaka 1969, wakawa marafiki wa maisha. Na mwaka 1981, Torre alipokuwa meneja wa New York Mets, alimchukua Gibson awe mwalimu wa wachezaji, kazi yake mahususi ikiwa ni kuwajenga katika moyo wa kushindana. Mtu wa chuki hapewi kazi hiyo na mtu aliyewahi kunyimwa salamu naye.

Iko habari moja ndogo ya nyumbani ambayo hutajwa kila Gibson anapotajwa. Alipata kusema kwamba amecheza na binti yake mdogo mara nyingi sana ule mchezo wa kuandika misalaba na duara katika vyumba tisa, na kwamba mtoto hajawahi kumshinda hata mara moja. Wengi wakiisikia habari hiyo hucheka, na wengine huchukia. Sisi tunaye nyumbani mjukuu wa miaka minane, tunacheza naye dama jioni, na majirani wametushauri zaidi ya mara moja tumwachie ashinde ili asikate tamaa. Hatujamwachia. Tunachofanya ni kwamba mchezo ukiisha twavirudisha vitunguri nyuma hatua tatu au nne, twamwonyesha njia aliyokuwa nayo asiione, kisha twaanza upya. Miezi kadhaa iliyopita alitushinda. Hakuuliza kama tulimwachia, kwa maana alijua kwamba nyumba hii haiachii. Na furaha yake ilikuwa ya namna ambayo hatungeweza kumpa kama zawadi.

Twaliandika jambo hili katika jarida la walimu wa Kiswahili kwa sababu linatuhusu sana. Katika nchi zetu hizi jirani, ambako Kiswahili si lugha ya mama kwa watoto wengi, na ambako baadhi ya wazazi bado wanakitazama kwa shaka, mwalimu hujaribiwa kila muhula kutoa alama za huruma. Insha ina ngeli zilizovurugika tangu mwanzo hadi mwisho, nasi twaipa 60 ili mwanafunzi asihamie somo jingine. Tumelijadili suala hili na wenzetu mara nyingi, na hoja yao si ya kudharauliwa: mtoto anayeshindwa kila siku huuacha mchezo. Ni kweli. Gibson naye angeuacha, lau Hemus angekuwa mwalimu wake pekee. Lakini tuangalie ni nini kilichomzuia. Josh hakumpa ushindi, alimpa mazoezi. Keane hakumpa ushindi; alimwacha kichuguuni katika zamu ya tisa. Wote wawili walimpa imani na kazi, na ushindi wakamwachia autafute mwenyewe. Alama ya huruma humwambia mtoto kwa siri jambo lile lile ambalo Hemus alilisema kwa sauti, yaani kwamba hatutazamii aweze. Tofauti ni kwamba Hemus aliweza kukanushwa, na alama ya huruma haikanushiki, kwa sababu inakuja na tabasamu.

Kwa hiyo pendekezo letu ni dogo. Insha ipewe alama yake ya haki, hata ikiwa 35. Lakini pembeni yake pawe na kazi ya mwalimu, sentensi kwa sentensi, na siku ya kuiandika upya itajwe. Aliye na madarasa ya wanafunzi 80 atasema kwamba tunaota, nasi tunajua uzito wa rundo hilo la madaftari, kwa kuwa tunalo mezani. Basi aanze na insha tano kwa juma. Mtoto akijua kwamba alama za mwalimu huyu haziachiwi ovyo, hata 48 yake ya muhula ujao itakuwa na thamani mkononi mwake.

Gibson alimaliza kazi mwaka 1975, magoti yakiwa yamechakaa. Kwa jumla alikuwa ameshinda michezo 251 na kushindwa 174, na kuwakosesha wapigaji 3,117. Katika mchezo wake wa mwisho, mwezi wa Septemba, Pete LaCock wa Chicago aliupiga mpira wake ukatoka nje hali vituo vyote vina watu, mikimbio minne kwa pigo moja, na Gibson akajua kwamba wakati umewadia. Mwaka 1981 aliingizwa katika Jumba la Heshima la besiboli huko Cooperstown, mara tu alipostahili kupigiwa kura. Alifariki mjini Omaha tarehe 2 Oktoba 2020, siku na mwezi ule ule ambao, miaka 52 kabla, aliwakosesha watu wa Detroit 17.

Kushindwa mara 174 si haba. Kila mara aliondoka kichuguuni, na baada ya siku nne akarudi. Twapenda walimu wenzetu, watakapoifundisha tena methali ile, waandike namba hiyo ubaoni kando yake, kisha wawaulize wanafunzi: katika mara hizo 174, ni mara ngapi mtu huyu alikuwa amekubali kabla ya kuanza?